Jiwe la Mpakani

Vitabu vya historia hutuambia mengi juu ya wafalme na vita, lakini vijiji havina msemaji. Leo twataka kuwasimulia habari za vijiji viwili vya Uingereza, Eyam na Stoney Middleton, katika vilima vya Derbyshire. Ni vijiji jirani kabisa: mtu atokaye kimoja hufika cha pili kwa miguu upesi. Kati yao, njiani, lipo jiwe kubwa lenye matundu. Tusikie maana yake.

Mwezi wa Septemba 1665, mzigo wa vitambaa ulitoka London, mji uliokuwa ukiteswa na tauni, ukafika Eyam kwa fundi wa kushona nguo. Mtu wake wa kazi, George Viccars, aliukuta una unyevu, akauanika penye moto. Siku chache baadaye akafa, akazikwa tarehe 7. Kisha wakafa wa nyumba ile, na wa nyumba za jirani. Wakati wa baridi ugonjwa ulipungua. Mwaka 1666 joto liliporudi, ukawaka tena kama moto wa nyika.

Watu wakataka kukimbia. Ndipo mchungaji wao, William Mompesson, alipomwendea Thomas Stanley, mchungaji wa zamani, aliyenyimwa kazi kwa kuwa hakukubali kitabu cha sala cha mwaka 1662. Wawili hao hawakupatana katika mambo ya ibada, lakini walipatana katika jambo hili. Mwezi wa Juni wakawaomba watu wabaki: pasiwe na mtu wa kuvuka mpaka; kila jamaa izike wafu wake yenyewe; sala zifanyike bondeni, penye hewa, watu wakisimama mbalimbali.

Je, ilikuwa rahisi? Sivyo. Mompesson mwenyewe alikuwa amekwisha kuwapeleka watoto wake wawili mbali, na wenye mali wengine walikuwa wamekwenda zao. Lakini walio wengi walibaki. Mwezi wa Agosti, Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wao sita kwa muda wa siku nane, akiwachimbia makaburi kwa mikono yake. Mwezi huohuo Catherine, mke wa Mompesson, akafa. Ugonjwa ulipokoma, mwanzo wa Novemba, watu wapata 260 walikuwa wamezikwa.

Sasa turudi kwenye jiwe. Watu wa Eyam walitia fedha katika matundu yake yaliyojaa siki, wakiamini kwamba siki huondoa sumu ya ugonjwa. Jirani zao wa Stoney Middleton waliweka vyakula, wakachukua fedha, wakarudi. Mwenye enzi wa Chatsworth naye alituma chakula.

Siku hizi twajua kuliko wao. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aligundua kijidudu cha tauni, na baadaye ikajulikana kwamba viroboto wa panya huueneza ugonjwa huo, ambao ndugu zetu wa Ituri wanaujua vema. Walikosa elimu hiyo, lakini hawakukosa upendo.

Watu huwasifu wa Eyam, nao wastahili. Kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Agosti hukumbukwa huko. Lakini sisi twasema: tusiwasahau wa upande wa pili. Kama wangaliogopa kulikaribia jiwe, wale waliojifungia wangalikufa kwa njaa, au wangalivunja ahadi yao. Ujirani mwema una mikono miwili: mmoja hujizuia usimdhuru mwenzake, wa pili hauchoki kumpelekea chakula. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu: kati ya kijiji chetu na kile cha jirani, ni wapi tulipowekeana chakula siku ya shida? Andikeni majibu yao kabla hawajatutoka.