Javeli si dawa ya udongo wa Kibabi

Na Furaha Bahati

Jumatano hii, kwenye kijito wanapofulia wanawake wa Kibabi, hapa Masisi, nilimkuta mama mmoja anamimina javeli juu ya shati jeupe la shule. Shati lilikuwa na madoa mekundu ya udongo tangu kola hadi pindo. Akakamua na ndimu humohumo kwenye beseni. Aliyempimia javeli ile kwenye kichupa cha soda ndiye aliyemfundisha: changanya, itapata nguvu. Punde si punde mama anakohoa, machozi yanamtiririka, na mtoto aliye mgongoni analia.

Nilikasirika na hasira haijaisha. Javeli ikikutana na ndimu au siki hutoa gesi ya klorini, inayochoma koo na mapafu. Nilimwambia muuzaji mbele ya wateja wake, tukatupiana maneno. Mnaonisoma kila wiki mnaujua ugomvi wangu na chupa zisizo na karatasi ya maelezo. Safari hii ni pumzi ya mtoto mchanga, sitanyamaza.

Na doa? Lilibaki palepale. Wekundu wa udongo wetu ni kutu ya chuma, na javeli haiondoi kutu, huifanya ishike zaidi. Mama wa watu alilipia sumu, akaharibu na kitambaa.

Mama zetu walifua kwenye tope hilihili. Tope liliachwa likauke, likapukutwa na kusuguliwa kabla ya kuguswa na maji, ndipo sabuni ikaingia. Rangi ikibaki, waliipaka ndimu na chumvi, wakaanika shati juani, wakasuuza vizuri. Hilo ni la nguo nyeupe. Kitenge, jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani.

Doa la mafuta ya mawese nalo lina dawa yake: majivu. Chukua majivu ya kuni safi au ya maganda ya ndizi, yachekeche, yatie maji, yalaze usiku kucha. Asubuhi maji ya juu yametulia, yana rangi ya chai nyepesi na yanateleza kati ya vidole. Yachuje kwa kitambaa, paka penye mafuta, ngoja kidogo, fua. Umanjano utakaobaki uachie jua. Maji hayo ni makali: usiyakawize mkononi, yasiingie machoni, watoto wasiyafikie. Wala usiyatie ndimu, kwa kuwa kimoja huua nguvu ya kingine.

Kwa nini yule mama alikimbilia javeli? Aliniambia mwenyewe: mwanawe alirudishwa nyumbani na direkta wa shule kwa sababu ya shati chafu. Hapo ndipo hasira yangu ilipohama kutoka kwa muuzaji, ikamwelekea direkta. Nchi nzima, tangu Kinshasa hadi Walikale, mwanafunzi huvaa nyeupe na buluu, na sare hiyo siipingi. Lakini mtoto wa Masisi anateremka mlima kwa miguu, mvua imenyesha usiku, njia yote ni tope. Akifika darasani na wekundu kwenye shati, ametembea, hakuchafuka kwa uzembe. Kumfukuza ni kumwadhibu kwa kuishi hapa.

Akina mama, javeli na ndimu visikutane kamwe kwenye beseni moja. Nawe direkta, mtoto huyo mrudishe darasani kesho asubuhi, na shati lake kama lilivyo.