Si tani tu, ni zimekaa wapi

Mwandishi wa makala ya vyombo vya majini kaeleza vizuri kwa nini chombo huelea, ila kwenye kupinduka kapita mbio mno. Sisi wa Vigwaza tumezoea mizani ya barabarani: lori likizidi uzito linazuiwa, basi. Majini tani si habari yote. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, uwezo wake ulikuwa watu 101. Kilizidiwa, sawa. Lakini umati ukisogea ubavu mmoja kuwahi kushuka, kitovu cha uzito huhama nao, na maji hushindwa kukirudisha chombo wima. Jahazi huwekewa farumi chini kabisa ili kitovu hicho kishuke; ngalawa za Bagamoyo zina matengo pande zote mbili. Na nyie mnaosimama mtumbwini mto Ruvu kupiga picha, mnakipandisha kitovu hicho; kaeni jamani!