Gesi ndani ya gari: sensa ya SMS ije mwisho

Leo naacha lugha za programu kidogo. Jamaa mmoja hapa Tala amenunua HiAce iliyostaafu umatatu, anaigeuza gari la kupigia kambi: kitanda, sinki na jiko la gesi. Ananiomba nimtengenezee sensa itakayomtumia SMS gesi ikivuja. Kazi yenyewe ni rahisi: MQ-6, Arduino na modemu ya GSM. Nimemwambia pesa hizo ampe kwanza fundi wa mabomba.

Tufanye hesabu. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni kama maji. Ikifika kama asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha. Gari lenye mita 7 za ujazo linahitaji basi lita 140 za mvuke, yaani kama gramu 300 tu. Mtungi mdogo wa meko una kilo 6! Na kwa kuwa gesi inalala chini, pale sakafuni kiwango hicho hufika mapema zaidi. Sisi tulioona picha za Embakasi, lori la gesi lilipolipuka usiku wa Februari 1, 2024, hatuhitaji kuhubiriwa.

Sasa SMS itakusaidia nini saa nane usiku, umelala fofofo na betri ya gari imeisha? Tena wapo wanaounganisha sensa na relei ili iwashe feni. Relei ya kawaida hutoa cheche, mota ya feni vilevile. Hapo umejitengenezea kiberiti cha kidijitali.

Kinga ya kweli ni ya kizamani. Mtungi usimame wima ndani ya sanduku lililozibwa upande wa chumba, lenye tundu chini la kutolea gesi nje, mbali na ekzosi. Bomba liwe la shaba, lishikwe kwa klipu, na linapopenya bati livishwe mpira, maana kwa mtikisiko wa barabara zetu za vumbi ukingo wa bati huikereza shaba kama msumeno. Maungio yawe machache, tena mahali unapoyaona. Kisha povu la sabuni kila ungio, na urudie baada ya kila safari ndefu.

Mtaniambia sensa ni afadhali kuliko kukosa. Sawa, lakini kwetu waandika programu huko ni kuandika logi ya hitilafu huku hitilafu yenyewe umeiacha.

Fedha ikibaki nitamfungia sensa yake, yenye king'ora, chini karibu na sakafu. Wengi huiweka darini kama ile ya moshi, na gesi hii haipandi huko.