Tupinge Laki

Mabishano ya mtandaoni ninayoyafuatilia hadi usiku wa manane huishia mahali pamoja. Hoja zikikauka, mtu anaandika: "Kama unajiamini, tupinge laki." Ukikataa, umeshindwa. Watu wanamimina vicheko, mjadala umefungwa.

Nimeshawahi kushindwa hivyo. Tulikuwa tunabishana kuhusu shilingi na dola, jambo ninaloliandikia tasnifu. Jamaa mmoja mwenye mshahara akataja laki tano. Mwezi ule nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Nikanyamaza, na ukimya wangu ukasomwa kama kukiri.

Watetezi wa dau wanasema maneno ni bure, pesa inauma, kwa hiyo atakayeweka pesa ndiye anayeamini anachosema. Inauma, sawa, ila haituumi sawa. Laki tano kwake ni starehe za mwezi. Kwangu ni paa la nyumba. Na Muislamu anayekataa kwa sababu kamari ni haramu, naye kaishiwa hoja?

Halafu hiyo laki iko wapi? Kaishika nani? Mwaka 1980 mwanauchumi Julian Simon na mwanabiolojia Paul Ehrlich walipingana juu ya bei za metali tano: shaba, kromiamu, nikeli, bati na tungsteni. Waliandikiana masharti, wakapeana miaka 10. Mwaka 1990 bei zilikuwa zimeshuka, Ehrlich akatuma hundi ya dola 576.07. Lile lilikuwa dau. Hata hivyo Ehrlich hakubadili msimamo wake kuhusu wingi wa watu duniani.

Na huyo alilipa. Mwaka 1870 Alfred Russel Wallace, aliyefikia wazo la uteuzi asilia sambamba na Darwin, alikubali dau la pauni 500 la John Hampden, aliyeshikilia kwamba dunia ni bapa. Wallace akapima kwenye mfereji wa Bedford, Uingereza, na mwamuzi akampa ushindi. Hampden akamwandama kwa matusi miaka mingi, hadi akafungwa kwa kashfa. Tena akaenda mahakamani kudai pesa zake, akarudishiwa, kwa sababu sheria haikulitambua deni la kamari. Masharti yalikuwepo, mwamuzi alikuwepo, pesa zilikuwa zimeshikwa, na bado mshindi alitoka mikono mitupu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania nayo inasema makubaliano ya kupinga ni batili. Sasa laki ya mtu anayejificha nyuma ya picha ya simba utaidai wapi?

Siku hizi nikiambiwa tupinge, naandika: taja tarehe, taja kipimo, tuma pesa sasa hivi kwa M-Pesa ya mtu wa tatu tunayemwamini wote. Kiasi kiwe buku mbili, ili nami nimudu. Juzi jamaa alisoma ujumbe huo, tiki zikageuka bluu, akahamia kwenye mada ya Simba na Yanga.