Mji Usitolewe Mapema: Mtu Mzima na Vitendawili vya Maumbo

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Katika bahari hiyo, ipo ghuba moja ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili wamejiapiza kutoikaribia tena, nayo ni hisabati. Si ajabu kumsikia mwanafunzi wa shahada akijigamba mbele ya wenzake kwamba alichagua lugha ili aikimbie hesabu. Wenzake hucheka, na mara nyingine mhadhiri naye hucheka. Hata hivyo, hakuna anayejigamba namna hiyo kwamba hajui kusoma.

Makala haya yanashikilia kwamba kauli hiyo si mzaha mtupu. Ni imani, tena imani potofu, ambayo mwenye kuishika huirithisha wengine. Mtu mzima anaweza kuianza hisabati upya, na mlango bora wa kuingilia ni ule wa vitendawili vya maumbo, hasa vikitegwa na kuteguliwa kwa Kiswahili.

Kwanza kabisa, ni vyema kuchunguza chanzo cha woga huu. Mtu hazaliwi nao, hufundishwa. Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, hisabati ilikuwa somo la lazima hadi Kidato cha Nne. Aliyefanya mtihani wa KCSE alikabidhiwa karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu. Aliyehitaji dakika arobaini kulitafakari swali moja alikuwa amekwisha kushindwa, hata kama angelipata jibu sahihi katika dakika ya arobaini na moja. Kwa hivyo, wengi walitoka shuleni wakiamini kwamba hawana akili ya hesabu, ilhali walichokosa ni wasaa.

Isitoshe, mwanafunzi wa Kenya alifundishwa maumbo mara mbili, na walimu wake wawili hawakukutana. Katika kipindi cha Kiswahili alikariri majina: duara, mraba, mstatili, pembetatu, tufe, mche, mcheduara, pia. Aliyakariri kama msamiati wa kutiwa alama. Katika kipindi cha hisabati alikutana na maumbo yenyewe, lakini sasa yakiwa na majina ya Kiingereza. Majina yakabaki huku, maana ikabaki kule. Hadi leo wapo wanafunzi wa chuo kikuu wanaoweza kutaja kwa ufasaha wingi wa mstatili, lakini hawajawahi kuliuliza umbo hilo swali lolote.

Hebu basi umbo hilo liulizwe. Duara lenye nusukipenyo cha sentimita 10 limekatwa vipande vinne sawa, kama chapati inayogawiwa watoto wanne. Kimechukuliwa kipande kimoja, chenye kingo mbili zilizonyooka na ukingo mmoja wa tao. Ndani ya kipande hicho umechorwa mstatili. Kona yake moja imekaa pale zinapokutana kingo mbili zilizonyooka, yaani kwenye kitovu cha lile duara la awali. Pande zake mbili zimelala juu ya kingo hizo, na kona iliyo mkabala na kitovu inaligusa tao. Sasa mstari unachorwa kuunganisha kona mbili zilizosalia. Je, mstari huo una urefu gani?

Aghalabu mtu mzima anayekutana na swali hili hutafuta kanuni aliyoisahau. Hutaka kujua urefu na upana wa mstatili, na anapoona kwamba hakupewa, hulalamika kuwa swali limepungukiwa. Akitulia, ataona kwamba kila mstatili una ulalo wa aina mbili, na kwamba lala hizo mbili daima huwa sawa kwa urefu. Ulalo mmoja ndio ulioulizwa. Ule mwingine unatoka kwenye kitovu hadi kwenye tao, na mstari utokao kwenye kitovu hadi kwenye tao ni nusukipenyo. Jibu, basi, ni sentimita 10, na mstatili uwe mwembamba au mpana, jibu halibadiliki. Hapakuhitajika kanuni ngumu wala kikokotoo. Kilichohitajika ni kuutazama mchoro mara ya pili, na kujua hasa neno 'mstatili' lina maana gani.

Ni dhahiri kwamba swali la aina hii halina tofauti kubwa na kitendawili. Kitendawili hakimpi msikilizaji habari asiyoijua; humpa vitu anavyovijua katika sura asiyoizoea. Mtegaji akisema 'Kitendawili!' na hadhira ikaitikia 'Tega!', mchezo huwa na kanuni moja muhimu: anayeshindwa hana budi kutoa mji ndipo apewe jibu. Mwanafunzi wa shule hulazimishwa na kengele kuutoa mji upesi. Mtu mzima hana kengele. Anaweza kulibeba swali lake kwenye matatu asubuhi, akalirudia akipanga foleni ya benki, akalala nalo, na kulitegua siku ya tatu. Uhuru huo ni faida kubwa kuliko wepesi wa kumbukumbu anaosifiwa nao kijana.

Ushahidi haukosekani. Mnamo mwaka wa 1975, Marjorie Rice, mama wa watoto watano kutoka California nchini Marekani, alisoma katika jarida la Scientific American makala ya Martin Gardner kuhusu maumbo yanayoweza kutandazwa sakafuni kama vigae bila kuacha pengo. Rice alikuwa amepita umri wa miaka hamsini na elimu yake ya hisabati haikuvuka shule ya upili. Swali lililomvutia lilihusu pembetano: ni za aina ngapi zinazoweza kufunika sakafu nzima? Kwa kuwa hakujua alama zinazotumiwa na wataalamu, alibuni alama zake mwenyewe, akawa anachora jikoni mwake baina ya kazi za nyumbani. Kufikia mwaka wa 1977 alikuwa amegundua aina nne mpya ambazo wataalamu hawakuwa wamezitambua. Mtaalamu wa hisabati Doris Schattschneider alizichunguza na kuzithibitisha. Leo aina zinazojulikana ni 15, na nne kati yake zilitoka kwenye jiko hilo.

Rice hakuwa wa kwanza kuirudia jiometri ukubwani. Abraham Lincoln, katika maelezo mafupi ya maisha yake aliyoyaandika mwaka wa 1860, alieleza kwamba alivisoma vitabu sita vya Euclid na karibu kuvimudu baada ya kuwa mbunge wa Marekani, kazi aliyoifanya kati ya 1847 na 1849. Alikuwa wakili mwenye umri wa takriban miaka arobaini, na hapakuwa na mtihani uliomngoja.

Yamkini wapo watakaopinga hoja hizi. Watasema kwamba mtu mzima huona haya kurudia mambo ya darasa la sita, na kwamba jina 'gumbaru' bado lina kejeli ndani yake. Haya hiyo ipo, na haifai kupuuzwa. Anayerudi kwenye hisabati baada ya miaka kumi atagundua kwamba amesahau hata kugawanya sehemu, na itambidi ashuke chini kabla ya kupanda. Hata hivyo, Wakenya hawahitaji kutafuta mfano mbali. Mwaka wa 2004, Kimani Maruge aliingia Darasa la Kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, akavaa sare na kaptura kama wenzake. Iwapo mzee huyo hakuona haya kuketi na wajukuu, msomi wa miaka ishirini na mitano ana udhuru gani?

Wengine watadai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuibeba hisabati. Dai hili lilijibiwa zamani. Nchini Tanzania, hisabati imekuwa ikifundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Istilahi kama kipenyo, ulalo, mzingo na pembe mraba zimetumiwa na watoto kwa zaidi ya nusu karne. Ni kweli kwamba baadhi ya istilahi zinatofautiana kutoka kitabu kimoja hadi kingine, na kwamba nyingine hazijulikani sana nchini Kenya. Lakini kazi ya kuzisanifisha na kuzizoeza ni ya nani kama si ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili? Istilahi haikomai kwenye kamusi. Hukomaa kinywani mwa mtu anayebishana nayo.

Fauka ya hayo, mwanafunzi wa Kiswahili hafiki mikono mitupu. Anayejua kwamba ubeti wa tarbia wenye mizani 16 katika kila mshororo una mizani 64 kwa jumla, na anayeweza kuugundua mshororo uliopungukiwa na mizani moja, tayari anahesabu. Anayechora kielelezo cha matawi kuchanganua sentensi anachora umbo lenye kanuni. Na uthibitisho wa kijiometri, ukitazamwa vyema, ni insha fupi iliyofumwa kwa viunganishi: kwa kuwa hiki ni hiki, na kwa kuwa kile ni kile, basi haina budi kuwa hivi.

Jambo hili lina uzito kuliko burudani ya mtu binafsi. Wengi wa wanafunzi hawa watakuwa walimu, na wengi zaidi watakuwa wazazi. Mwalimu wa Kiswahili atakayeingia darasani kufundisha maumbo huku akiyaogopa atawapa watoto orodha ya majina matupu. Mzazi atakayeletewa kazi ya nyumbani na kusema, 'Hata mimi hesabu ilinishinda,' atakuwa amempa mwanawe ruhusa ya kushindwa. Hivyo ndivyo woga hupita kutoka kizazi hadi kizazi bila kuwahi kuthibitishwa.

Kwa mintarafu hiyo, inafaa vyama vya Kiswahili vyuoni vitenge nafasi kwenye ubao wao wa matangazo kwa kitendawili kimoja cha maumbo kila wiki. Kiandikwe kwa Kiswahili sanifu, kijadiliwe kwa Kiswahili, na jibu lisitolewe kabla ya siku saba. Wanafunzi wa idara ya hisabati waalikwe pia, kwani wao wana maumbo na hawana majina, na wenyeji wao wana majina na hawana maumbo.

Cha kuanzia kipo. Mwaka wa 1903 Mwingereza Henry Dudeney alichapisha kitendawili hiki. Chumba kina urefu wa futi 30, upana wa futi 12 na kimo cha futi 12. Buibui yuko katikati ya ukuta mmoja wa mwisho wa chumba, futi 1 chini ya dari. Nzi yuko katikati ya ukuta wa mkabala, futi 1 juu ya sakafu, wala hasogei. Buibui akipanda dari, akaifuata moja kwa moja, kisha akateremka, atatambaa futi 42. Ipo njia fupi zaidi, na ni ya kutambaa tu, si ya kuning'inia kwa uzi. Atakayetaka kuipata achukue boksi la viatu, alikate kingo, alitandaze mezani kwa namna mbalimbali, na achore mistari. Asiharakishe kutoa mji. Mstahimilivu hula mbivu.