Treni ya Zamani Ilikuwa Tamu Kweli?

Umewahi kusafiri kwenda Voi pamoja na mzazi wako? Kabla hamjafika Mtito Andei atakuwa ameshakueleza kwamba hii mliyopanda si treni. Treni ilikuwa ile ya zamani!

Ile ya zamani ilitoka Nairobi jioni, ikakesha njiani. Reli yake ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901. Abiria wa Nairobi na Mombasa waliiaga mwaka wa 2017, treni mpya ilipoanza. Mpya hii hufika Voi kwa saa chache tu. Mbona basi mzee wa Wundanyi au Mwatate akiitaja ile ya kwanza, machozi humlengalenga?

Hebu mchunguze. Alisafiri daraja la tatu, amebanwa katikati ya mizigo, mtoto wa mwenyewe akilia usiku kucha. Akishuka Voi alipokewa na vumbi, kisha akaning'inia kwenye matatu hadi milimani. Hayo hakusimulii. Atakusimulia ubaridi wa alfajiri, kimanga cha nyanya yake, na jinsi alivyokimbiliwa na wadogo zake.

Wahenga walisema, mavi ya kale hayanuki. Wataalamu wa saikolojia nao wamegundua kwamba uchungu wa jambo hufifia upesi kuliko utamu wake. Tena mtu mzima hukumbuka zaidi mambo ya ujana wake kuliko ya miaka iliyofuata. Kwa hiyo mzee halilii behewa. Anaulilia ujana, na wale waliomngoja stesheni, ambao wengi wao sasa wamo makaburini.

Hamu hii si ya Wataita peke yao. Mwaka wa 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari kutoka Uswisi, aliipa jina la Kigiriki lenye maana ya uchungu wa kutamani kurudi nyumbani. Yeye aliihesabu kuwa ugonjwa. Siku hizi tunajua si ugonjwa, ila ikizidi huharibu maskani.

Kwa vipi? Mzazi, mtoto anayeambiwa kila siku kwamba dunia njema ilikwisha kabla hajazaliwa, mwishowe huacha kusikiliza. Msimulie yote. Mwambie pia juu ya ndovu waliomaliza mahindi shambani, na usiku mliolala njaa.

Nawe mwanafunzi, usimcheke mzee. Muulize ni nani hasa aliyekuwa akimngoja pale Voi, uandike majina hayo daftarini. Iko siku utataka kuyajua, na wa kumuuliza hayupo.

Usijidanganye kwamba wewe umeepuka. Kuna mtoto ambaye hajazaliwa bado, nawe utakuja kumwambia, "Hii si treni, mwanangu. Treni ilikuwa ile yetu!"