Kwako inadunda, hewani inagoma!

Wiki hii nina ugomvi na mafundi wa tovuti, maana siku hizi kila mtaa una wake.

Kuna sentensi moja nimeichoka: "Mbona kwangu inafanya kazi!" Mteja kalipa nusu ya hela, duka lake la nguo liko hewani linatema maneno ya Kizungu yasiyoeleweka, na wewe fundi unaapa kwa mama yako mzazi kwamba kwenye laptop inadunda kama kawa. Sasa afanyeje, aje anunue laptop yako?

Kwa taarifa yako, hilo mnaloliita wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, iko mbali, na ina tabia zake. Chukua suala la saa. Seva nyingi za wingu, zikiwemo za Azure usipozibadili, zinatumia saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mteja akiagiza keki saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, seva inaandika Ijumaa. Mpaka ifike saa tisa ndipo nayo inageuza siku. Keki ikiandaliwa kwa tarehe isiyo yake, bibi harusi utamweleza nini?

Halafu majina ya mafaili. Kwa Windows, "Picha" na "picha" ni kitu kimoja. Kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti kabisa. Heroku nako, ukiacha picha za wateja kwenye diski ya pale pale, zinafutika mashine ikiwashwa upya, na huwashwa upya angalau mara moja kwa siku. Usitafute mchawi, ndivyo ilivyotengenezwa.

Sasa utamu wenyewe. Ukiwa na Visual Studio unaweza kukaa Kinondoni ukaichungulia programu inayotembea ndani ya Azure, mstari kwa mstari. Unaweka alama, programu ikifika hapo inasimama, unaona kila kilichobebwa ndani. Ruhusa hiyo hujizima yenyewe baada ya saa 48. Raha tupu! Ila ikisimama haisimami kwa mteja mmoja, inaganda programu nzima.

Kuna mshikaji tunafahamiana aliifanya hiyo mchana kweupe, kwenye tovuti ya kuuza tiketi za shoo. Kaweka alama yake, simu ikaita, shemeji huyo, akatoka nje kupiga stori. Waliokuwa wanalipia wakabaki wanatazama kiduara kinazunguka. Promota alipopiga hakuanza na salamu. Shoo iliyofuata alipewa fundi mwingine, na mshikaji kodi ya nyumba alikuwa ameipigia hesabu humo humo.

Mimi nasema logi kwanza. Azure inakuonyesha logi zikitiririka huku watu wanaendelea kununua. Andika oda namba ngapi, imefika hatua gani, imekwama wapi (neno la siri la mteja usiandike, tafadhali). Kama ni lazima uisimamishe, tengeneza nakala ya tovuti pembeni yenye mipangilio ile ile, uitese hiyo. Kwenye Azure zipo sloti za kazi hiyo, ingawa vifurushi vya bure havina.

Na ukishapandisha, hakikisha imepanda kote. Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, iliumbuka vibaya. Seva zilikuwa zao wenyewe, siyo za wingu, lakini ugonjwa ni ule ule: programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ile ya nane ikaamsha msimbo mkongwe, ikaanza kununua na kuuza kama kichaa kwa dakika 45 hivi. Hasara zaidi ya dola milioni 460! Kinachouma zaidi, kabla soko halijafunguliwa mitambo yao ilishatuma barua pepe 97 zinazotaja kosa. Hakuna aliyezifanyia kazi.

Wiki ijayo ni zamu ya wateja wanaotaka tovuti nzima kwa bei ya chipsi mayai. Msinikimbie.